Harufu ya Bahari Kwenye Chupa: Ilitoka Wapi, na Biharusi wa Kaskazi Aivae Wapi



Joto la kaskazi limeshafika, na harusi nazo zimepangana. Kila msimu kama huu mabiharusi hutuuliza jambo lile lile: nijitie manukato gani ambayo hayatanichosha kwenye joto? Udi wanauona mzito, mafuta mazuri ya kizamani yanawapanda kichwani ukumbi ukiwa hauna upepo, na dukani muuzaji keshawaonesha chupa ya samawati akawaambia hii ndiyo ya wakati wa joto: nyepesi, freshi, ina harufu ya bahari. Wifi naye kaongeza lake, kwamba biharusi wa siku hizi hanukii kama sanduku la bibi.

Jibu tumelitafuta kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: tumeichukua chupa ya aina hiyo tukaijaribu kwenye joto lenyewe, na yaliyotokea tutayaeleza. Ya pili imetuchukua muda zaidi. Tumeifuata hiyo harufu ya bahari nyuma mpaka ilikotoka, na tumekuta historia fupi kuliko tulivyodhani, yenye mambo ambayo muuzaji hayasemi kwa sababu pengine naye hakuambiwa.

Sisi ni watu wa kisiwani, basi tuanze na pua zetu wenyewe. Bahari inanuka vipi? Muulize mama anayekwenda kwenye mwani Paje au Jambiani siku ya bamvua, maji yakishakupwa. Atakwambia chumvi, matope, samaki, mwani unaokauka juani, na kitu kingine kikali kidogo kisicho na jina. Wanasayansi wanalo jina lake: ni gesi yenye salfa iitwayo dimethili salfaidi, inayotokana na mimea midogo mno inayoelea baharini. Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye sufuria ya kabichi iliyochemka kupita kiasi. Hakuna biharusi atakayelipia hiyo, na hakuna mtengenezaji aliyeiweka mbele ya chupa yake. Kwa hiyo ile inayouzwa kama bahari si bahari ya akina mama wa mwani. Ni nini basi?

Inaanzia kwenye kampuni ya dawa. Mwaka 1966 wanakemia wa Pfizer ya Marekani walikuwa katika kazi ya kutafuta dawa za kutuliza. Kemikali moja waliyoitengeneza haikuwa dawa ya maana, lakini ilikuwa na harufu ya ajabu: upepo wa pwani, chaza mbichi, na ganda la tikiti maji, vyote kwa pamoja. Pfizer wakati huo ilikuwa inamiliki nyumba ya malighafi za manukato katika mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, iitwayo Camilli, Albert na Laloue. Kwa herufi za mwanzo za majina hayo matatu kemikali ikabatizwa Calone.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo, na kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni mabiharusi tutalisema. Umbo la Calone linafanana na kemikali ambazo baadhi ya mwani wa kahawia huzitoa majini wakati wa kuzaana. Ni sauti ya mwani jike kumwita dume. Kwa hiyo pua inayosema "hii bahari" haijakosea kabisa, ila sehemu ya bahari iliyonakiliwa ni ndogo mno, na nakala yenyewe imetoka kwenye chupa ya maabara bila tone la maji ya chumvi.

Baada ya kugunduliwa, Calone ilikaa karibu miaka 20 bila kupata kazi kubwa. Dunia ya manukato ya Ulaya na Marekani ilikuwa na mapenzi mengine. Mwaka 1977 Yves Saint Laurent alitoa Opium, viungo na utomvu mtupu, na mkono wa karafuu umo. Mwaka 1981 ikaja Giorgio ya Beverly Hills, na mwaka 1985 Poison ya Dior. Haya yalikuwa manukato ya kuingia mlangoni kabla ya mwenyewe hajaingia. Giorgio ilifika mahali ikapigwa marufuku katika baadhi ya migahawa ya Marekani, kwa sababu watu walikuwa hawasikii tena ladha ya chakula chao. Ukifika huko, lazima watu wachoke, na wakachoka.

Mwaka 1988 ndio mlango ulipofunguka. Aramis walitoa New West, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza kuiweka Calone mbele kabisa badala ya kuificha. Mwaka huo huo Davidoff wakatoa Cool Water, kazi ya Pierre Bourdon. Cool Water ilitegemea sana kemikali nyingine, dihidromisenoli, yenye ubaridi wa limau na majani. Hiyo tayari ilikuwa inajulikana kwenye sabuni na vitu vya kufulia, na tunadhani hapo ndipo siri ya neno "freshi" ilipo. Pua hujifunza. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo shuka zilizotoka kufuliwa zina harufu fulani, akiisikia harufu hiyo shingoni mwa mtu, ataona huyo mtu ni msafi. Sisi tumekulia kwingine. Kwetu nguo safi ni iliyofuliwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi, kisha ikatandazwa juu ya chetezo. Pua zetu na zao zimepita vyuo viwili tofauti, na wifi anayesema udi ni harufu ya kizamani anasoma kwa kitabu cha chuo kile kingine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Calvin Klein walitoa Escape mwaka 1991. Mwaka 1992 mbunifu wa mavazi wa Kijapani, Issey Miyake, alitoa L'Eau d'Issey, iliyotengenezwa na Jacques Cavallier, mtoto wa Grasse. Miyake alitaka manukato yenye usafi wa maji, na jina lenyewe kwa Kifaransa ni "maji ya Issey". Mwaka 1994 ikaja CK One, iliyouzwa kwa wanaume na wanawake chupa moja. Mwaka 1995 Giorgio Armani akatoa Acqua di Giò ya wanawake, na mwaka uliofuata ya wanaume, kazi ya Alberto Morillas, ambayo mpaka leo ukipita mahali penye vijana wawili watatu waliovaa kanzu za Ijumaa huikosi.

Acqua di Giò ina kisiwa nyuma yake, na kwa hilo tuna udhaifu nalo. Armani alikuwa na nyumba Pantelleria, kisiwa kidogo cha Italia kilichoko kati ya Sicily na Tunisia. Waislamu walikitawala kwa karne kadhaa, na jina lake wengi hulihusisha na maneno ya Kiarabu Bint al-Riyah, binti wa pepo. Majina ya vijiji vyake mpaka leo, kama Khamma na Gadir, yana mlio ambao sikio la Mswahili halihitaji kuelezwa. Kwa hiyo hata ile bahari ya chupa maarufu kuliko zote imeazimwa kutoka kisiwa kilichowahi kusikia adhana.

Sasa tufike kwenye neno "nyepesi".

Ulaya ilikuwa na manukato ya wakati wa joto zamani sana kabla ya Calone. Mwaka 1709 Mwitaliano Johann Maria Farina alianza biashara yake katika mji wa Cologne, Ujerumani, na maji yake ya limau, machungwa na balungi yakachukua jina la mji. Ndiyo kolonya. Waturuki waliipokea katika karne ya 19 wakaifanya yao, wakawa wanammiminia mgeni mikononi pale ambapo zamani walimnyunyizia maji ya waridi, kama sisi tunavyomkaribisha mgeni wa maulidi kwa mrashi. Kolonya ni nyepesi kweli. Limau na chungwa zina chembe ndogo zinazoruka haraka, na kwenye joto huruka haraka zaidi. Ukijitia baada ya kuoga, nusu saa baadaye ni wewe tu umebaki.

Wauzaji hawakuridhika na hilo. Mteja analipa pesa nyingi, anataka kitu kikae. Kazi iliyopewa manukato ya maji ya miaka ya 1990 ilikuwa hiyo hasa: yanukie kama kitu kinachopita, lakini yasipite. Calone ilikuwa inaiweza kazi hiyo. Kiasi kidogo sana chake hutosha kuifanya chupa nzima inukie pwani, na hubaki saa nyingi baada ya limau kuondoka. Wepesi wake uko kwenye sura, kama kitambaa cha shifoni ambacho ukikiona unadhani hakina uzito, ukikivaa kaskazi unajua kuwa ni nailoni.

Chupa yetu ya majaribio ilituonesha hivyo hivyo. Tuliipulizia saa nane mchana, mara moja mkononi na mara moja kwenye upindo wa dera la pamba. Mwanzo ulikuwa mzuri sana, hatutasema uongo: limau, tango, ganda la tikiti, na ubaridi ambao mwili ulioloa jasho unaupokea kwa shukrani. Baada ya nusu saa limau lilikuwa limekwenda. Kilichobaki hakikupungua. Alasiri ilipoadhiniwa aliyekaa upande wa pili wa baraza alikuwa bado anaisikia. Mkononi, jasho lilipochanganyika nayo, ikachukua ukali kidogo kama wa bati. Kwenye dera ilikuwepo mpaka asubuhi ya pili, na ilipofuliwa bado ilijikumbusha.

Hapa ndipo historia inapogusa dini yetu. Dada wengi wanasema: udi sitoki nao, lakini hii nyepesi ya maji haina neno, ni kama sabuni tu. Katika hadithi waliyoipokea Tirmidhi na Nasai, Mtume (S.A.W) ameyatofautisha manukato ya wanaume na ya wanawake: ya wanaume ni yale yanayodhihirisha harufu na kuficha rangi, na ya wanawake ni yale yanayodhihirisha rangi na kuficha harufu. Wanazuoni wameeleza kuwa hilo ni kwa mwanamke anapotoka. Akiwa nyumbani na mumewe ajitie alitakalo. Sasa ichukue ile chupa ya samawati uipime kwa kipimo hicho. Haina rangi kabisa juu ya ngozi, na harufu yake imetengenezwa makusudi isafiri. Kwa mizani ya hadithi, hiyo ipo upande ule mwingine. Hatutoi fatwa, hiyo kazi ina wenyewe. Tunasema tu kwamba hoja ya "ni nyepesi" haisimami mbele ya namna kitu chenyewe kilivyotengenezwa. Udi nao usijione umepona: katika Sahih Muslim mwanamke aliyejifukiza bakhuri ameambiwa asije kuswali Isha msikitini siku hiyo.

Hiyo rangi inayodhihiri ni ipi? Mabiharusi watapenda kujua. Abdulrahman bin Auf (R.A) alipokuja kwa Mtume akiwa na alama ya unjano mwilini, Mtume alimuuliza ana habari gani, naye akajibu kuwa ameoa. Akaambiwa afanye walima, japo kwa mbuzi mmoja. Kisa kiko kwa Bukhari, na wanazuoni wameeleza kuwa ule unjano ulikuwa wa manukato ya zafarani yaliyomgusa kutoka kwa biharusi wake. Harusi ya Madina ilijulikana kwa rangi iliyomshika mume. Ukimaliza kusoma hapo, nenda kamwangalie bibi anavyochanganya dalia. Ile ya njano, anayopakwa biharusi, inayochafua shuka na kanzu. Haisikiki barabarani. Inasikika na mmoja tu, na inamwacha na ushahidi.

Wala wanawake wa zama za Mtume hawakuwa wanunuzi tu wa mambo haya. Ummu Sulaym (R.A) alikuwa anakusanya jasho la Mtume alipolala kwake mchana, akalichanganya kwenye manukato yake, na kisa hicho kiko kwa Muslim. Bibi Aisha (R.A) alimtia Mtume manukato kwa mkono wake kabla ya kuingia ihramu.

Lakini turudi baharini, kwa sababu ipo harufu ya bahari ya kweli, na ni ya zamani kuliko Calone kwa zaidi ya miaka elfu. Ni ambari.

Ambari hutoka kwenye matumbo ya nyangumi mkubwa anayekula ngisi. Midomo ya ngisi ni migumu, haisagiki, na tumbo la nyangumi huizungushia kitu kama nta. Kikitoka kikiwa kibichi ni cheusi na kinanuka vibaya. Kisha kinaelea. Miaka na miaka ya chumvi, mawimbi na jua hukigeuza kikawa kijivu au cheupe, na uvundo unageuka harufu tamu ya mbali, yenye chumvi na joto la ngozi. Msafiri Al-Masudi, aliyefika pwani yetu na kuondoka kurudi Oman karibu mwaka 916, ameandika kuwa ambari bora hupatikana kwenye visiwa na fukwe za bahari ya Zanji, ya duara, yenye samawati iliyopauka, na kipande kikubwa chaweza kufika kimo cha yai la mbuni. Kisiwa alichokitaja kwa jina la Qanbalu wanahistoria wengi wanakidhania kuwa ni Pemba. Kwa maneno mengine, miaka zaidi ya elfu iliyopita, mtu wa Baghdad aliyetaka kunukia bahari, alinukia bahari ya huku.

Mwislamu akiisikia habari ya ambari hukumbuka na jambo jingine. Maswahaba 300 walitumwa na Mtume kuelekea pwani chini ya Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A), chakula kikawaishia mpaka wakala majani, ndipo bahari ikawatupia samaki mkubwa kama kilima aitwaye al-anbar. Walimla kwa siku nyingi, na ubavu wake uliposimamishwa, ngamia aliyepandwa alipita chini yake. Bukhari na Muslim wote wamekipokea. Na Ibn Abbas (R.A), katika maelezo aliyoyaweka Bukhari kwenye mlango wa zaka, alisema kuwa ambari si hazina iliyofukiwa, ni kitu kilichotupwa na bahari. Walikuwa wanakijua, wanakiuza, na wanajadili hukumu yake.

Mwaka 1950 kampuni ya Firmenich ya Geneva, Uswisi, iliweza kuitengeneza kwa kemia ile chembe inayoipa ambari harufu yake, kwa kuanzia na mmea wa jamii ya seji. Leo inaitwa Ambrox au Ambroxan, haihitaji nyangumi, na imo kwenye chupa nyingi mno. Sauvage ya Dior ya mwaka 2015, ambayo kaka zetu wanaipenda kupita kiasi, imejaa hiyo. Kwa hiyo ukinunua manukato ya maji ya siku hizi, juu mara nyingi utakuta ule upepo wa pwani wa maabara ya dawa, na chini kabisa, pale panapobaki usiku, kivuli cha ambari. Wengi wanadhani wamenunua kitu kipya kabisa. Nusu yake ilikuwa ikiokotwa ufukweni kwetu.

Tumebakisha la udi, kwa ajili ya wifi.

Mwaka 1983, wakati Ulaya na Marekani zimo kwenye manukato ya vishindo na bado hazijagundua maji, Oman ilianzisha nyumba ya Amouage kwa matakwa ya Sultan Qaboos, ili ubani wa Dhofar, waridi na ambari ya nchi hiyo viingie kwenye chupa ya kisasa. Mtengenezaji waliyemwita alikuwa Mfaransa, Guy Robert. Hawakungoja mtu awaambie kuwa harufu za nyumbani ni za kizamani. Na wale mabwana wa maji? Jacques Cavallier wa L'Eau d'Issey na Alberto Morillas wa Acqua di Giò walikaa meza moja, na mwaka 2002 wakaitolea Yves Saint Laurent manukato yaitwayo M7. Kiini chake kilikuwa udi. Hayakuuzika vizuri mwanzoni, pua za huko zilikuwa bado chuo cha sabuni. Miaka 5 baadaye Tom Ford akatoa Oud Wood, na tangu hapo hakuna nyumba kubwa ya manukato Ulaya isiyokuwa na chupa ya udi, kwa bei ambayo mfuko mzima wa vipande vyetu vya kuchoma haufiki. Watu wale wale waliotufundisha kunukia maji walikuja wenyewe kutafuta kilichomo kwenye sanduku la bibi.

Basi biharusi wa kaskazi afanye nini na chupa yake ya samawati? Sisi tungeiweka kwenye fungate, mchana, ndani ya nyumba, baada ya kuoga, wakati ambapo singo limeshakwisha kazi yake na ngozi iko wazi. Hapo ubaridi wake una maana na anayeusikia ni anayehusika. Pulizia mara moja, si mara nne. Usiipulizie juu ya dalia wala liwa, vinagombana, tumejaribu. Juu ya asumini ni nzuri kuliko tulivyotegemea: kikuba kinapoanza kulegea usiku na kuwa kitamu mno, ule ubaridi unakisimamisha. Na nguo iliyofukizwa udi usiku uliotangulia, ikivaliwa asubuhi na mwili wenye maji kidogo ya aina hii, ina uzuri wake; moshi uko nyuma, bahari iko mbele.

Chupa za kupulizia zina spiriti, na wanazuoni wana maneno katika hilo: wapo wanaoiona najisi, wapo wanaoruhusu kwa kuwa si ya kunywa. Muulize ustadhi au ustadha wako unayemwamini. Wanaojiepusha huenda kwenye mafuta ya chupa ndogo yaliyoigizwa, nayo yapo tele. Jua tu kwamba mafuta hayaruki kama spiriti, kwa hiyo ule mwanzo wa baridi unapungua, na kinachobaki ni ule wa chini. Kwa mambo ya maji hiyo ni hasara. Kwa udi na waridi si hasara.

Wanaokwenda umra baada ya harusi wawe na tahadhari zaidi. Harufu hii ya bahari siku hizi imo kwenye shampuu, vitambaa vya kujifutia, mafuta ya kukinga jua na hata dawa ya kulainisha nguo, na kwa sababu tumeshaizoea kama harufu ya usafi hatuihesabu kuwa manukato. Kwenye ihramu inahesabika. Soma kibandiko kabla hujafunga begi, ununue visivyo na harufu. Na aliye kwenye eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, naye asiambiwe kuwa hii ya maji ni sabuni tu.

La mwisho ni la chupa yenyewe. Usiiweke dirishani ili samawati yake ionekane, wala kwenye gari. Joto na mwanga huua ule mwanzo wa limau kwanza, na ndio uliolipia. Irudishe kwenye boksi lake, iingie kabatini chini, pembeni ya kopo la udi.